Manono ya Lukresia Yanakufa kwa Maji

Buhare,
S.L.P. 318,
Musoma.

11 Mei 2025

Mpendwa shemeji Getruda,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu ziwani. Hali yako ikoje? Na ule mguu uliokuwa unavimba ukisimama sana, umetulia? Mumeo, mwanyumba wangu Gasper naye, bado anakohoa asubuhi, au baridi ya Njombe imeshamzoea? Mwambie avae ile sweta nzito, asijifanye kijana. Viazi vimekubali mwaka huu? Natumaini mko salama, wewe na wote wa nyumba yako.

Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mvua zimenyesha sana, ziwa limejaa, na wanaolima viazi vitamu kule mlikozaliwa Majita wanalalamika kwamba vinaozea ardhini. Mimi mwili unanibeba. Magoti tu ndiyo yananikumbusha umri.

Leo ni Jumapili. Nimetoka misa ya kwanza, dada yako amekula, amelala, ndiyo nimepata nafasi ya kukuandikia. Unajua ninavyokujibuga kwenye simu: tunaendelea vizuri. Sikudanganyi kwa kupenda, shemeji. Simu ikilia Lukresia anakuja kukaa pembeni yangu, anasikiliza kila neno, na akisikia natamka jina lake anauliza, "Mnamsema nani?" Sasa hapo nitasema nini? Ndiyo maana nimechukua kalamu, niseme yote kwa pamoja bila kukatishwa.

Mwezi wa pili uliniuliza manono yanaendeleaje. Nikakwambia yapo. Naomba unisikilize vizuri sasa. Yote yamekufa. Na aliyeyaua ni dada yako mwenyewe, kwa maji, kwa mapenzi, na mimi nikiwa nimesimama pale natazama.

Nianze mbali kidogo, maana wewe uliona mwanzo tu.

Unakumbuka ulivyokuja kwenye harusi ya Debora na vile vijiti vya majani manene, umevifunga kwenye gazeti, vimesafiri na basi siku mbili bila udongo. Ukatuambia vinaitwa sedumu. Dada yako akalikataa jina hilo palepale, akasema mmea ulionona namna hii hauwezi kuitwa jina la dawa. Akayaita manono. Mpaka leo mtaa mzima wa Buhare unayaita hivyo, na wengine hawajui kama yana jina lingine.

Ulipoondoka hakuyapanda. Aliyatandaza kwenye ungo, akayaweka kivulini, akayaacha. Nikamwambia, "Mama Debora, mdogo wako katoka mbali na haya maua, wewe unayaanika kama dagaa?" Akacheka. Akasema, "Haya hayapandwi yakiwa na kidonda kibichi. Unaacha pale yalipokatwa pakauke kwanza, ndiyo unayapeleka kwenye mchanga." Sijui kama wewe ndiye uliyemfundisha au alijua tu. Siku zilipopita aliyachomeka, na hata moja halikufa.

Mimi ni mtu wa mashine, unanijua. Miaka yangu yote niliimaliza Bunda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, maua sikuwahi kuyatazama mara mbili. Lakini haya yalinivuta. Aliyapanda kwenye sufuria zilizotoboka, kwenye makopo ya rangi, na kwenye nyufa za lile jiwe kubwa la uani ambalo fundi alitaka kulipasua tulipojenga, yeye akamkatalia. Aliagiza mchanga wa ziwani, akauchanganya na kokoto ndogo, udongo kidogo tu. Mbolea hakutaka. Alisemaga ukiyalisha sana yanalegea, yanakuwa kama mtoto wa tajiri.

Na maji, shemeji, maji alikuwa mchoyo nayo kweli. Asubuhi alipita akiminya jani moja moja kwa kidole gumba. Likiwa gumu analiacha. Mpaka alione limeanza kufanya mikunjo, ndipo anateka kikombe, anamimina pembeni, si juu yake. Akina mama wa jumuiya walikuja kuomba vipandikizi, na kabla hajampa mtu alimwonya: "Ukiliona limenona, liache. Limeshakunywa. Ukilinywesha tena unalizamisha." Jua la kiangazi likiyapiga, ncha za majani zilikuwa nyekundu, na yale ya kwenye jiwe yakatoa vimaua vya njano kama nyota. Hata maharusi walikuja kupiga picha pale.

Hayo yote nakuandikia ili ujue alikuwa anajua. Hakuna aliyejua kumzidi.

Ilianza mwaka juzi, kiangazi. Nilikuwa nimekaa barazani narekebisha redio. Lukresia akamwagilia, akaingia ndani. Kidogo akatoka na kopo, akamwagilia tena, sufuria zilezile.

Nikamwambia, "Mama Debora, si umemwagilia sasa hivi?"

"Nani, mimi? Ndiyo kwanza natoka ndani."

"Angalia chini, maji bado yanadondoka."

Akaangalia. Akasema, "Basi itakuwa ni wewe. Nimekwambia mara ngapi usiyaguse maua yangu?" Akakasirika kweli, hakunisemesha mpaka jioni. Mimi nilicheka. Nilidhani ni uzee, na uzee tunao wote wawili.

Baada ya hapo maharage yakaungua mara kwa mara. Akaanza kuniuliza Debora atarudi saa ngapi kutoka shule, Debora mwenye watoto wanaoenda shule. Lakini ni manono yaliyonitisha mimi. Majani yakaanza kubadilika rangi, yakawa kama yamechemshwa, unaona mwanga ndani yake. Ukigusa linapasuka, linatoa maji. Nikashika shina moja nikavuta polepole, likaja lote mkononi, chini jeusi, linanuka. Nikamwita aone.

Akaliangalia. Nilimtazama usoni nikisubiri ajue. Akasema, "Maskini, lina kiu."

Shemeji, hapo ndipo nilipojua kuna kitu kimeondoka.

Nilijaribu kumwambia maneno yake mwenyewe. Nikamwambia, likinona limeshakunywa. Akanitazama kama mgeni anayemfundisha mtu kulima shamba ambalo hajawahi kuliona. "Nani kakudanganya hivyo?" akaniuliza, kwa upole tu.

Kijana wetu Revocatus alikuja na gari kutoka Butiama, anakofanya kazi halmashauri, akatupeleka hospitali hapa mjini, kisha wakatutuma Mwanza. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye heshima. Alimwuliza dada yako maswali mengi, yule naye akajibu kwa madaha, mengi kakosea. Nje, daktari akaniambia huu ni ugonjwa wa kusahau, dawa ya kuuponya hakuna, vipo vidonge vya kuuchelewesha kidogo. Nikamwuliza, "Mimi nifanye nini?" Akasema, "Babu, mwache katika vitu alivyovizoea, usimbishie, na wewe mwenyewe pumzika." Nikashukuru. Nilipofika nyumbani nikaona sijui hata nianzie wapi. Mashine ikisumbua unafungua kifuniko, unaona kilichokatika. Huyu nimfungue wapi?

Wapo wanaosema karogwa kwa sababu ya maua yake kusifiwa. Ndugu mmoja alitaka tumpeleke kwa mtu fulani. Sikubishana naye, nilimkaribisha chai tu, akaondoka.

Nikaanza kupigana na maji. Nilificha ndoo, akatumia kikombe. Nikaficha vikombe, akatumia sufuria ya uji. Siku moja nilimkuta anayamiminia chai ya maziwa, ikiwa na sukari, na sisimizi wakaja wakajaza uani. Nikanunua kufuli, nikafunga koki ya nje. Akaenda kwa jirani yetu Machibya, na mkewe kwa ustaarabu akamjazia ndoo. Nikaenda kuwaomba wasimpe. Machibya aliniitikia bila kunitazama, na mimi nilitembea kurudi kwangu nikiwa najisikia kama mtu aliyekwenda kumshtaki mkewe.

Kesho yake nilikuwa bafuni. Nilipotoka, hayupo. Sikumwona kwa Machibya, sikumwona kanisani, sikumwona dukani. Tulitafuta mtaa mzima. Machibya akachukua pikipiki, mimi nyuma, tukashuka mpaka kule akina mama wanakoanika dagaa. Tukamkuta. Alikuwa amekaa juu ya kichanja, gauni limelowa mpaka kiunoni, kajifunga khanga ya mtu. Akina mama wakasema walimwona anaingia ziwani na ndoo, anaenda tu, hasimami, wakamkimbilia. Mmoja wao akaniambia, "Mzee, mama anasema maji ya pembeni yana matope, anataka ya mbele, masafi."

Njiani kurudi alikuwa na furaha, shemeji. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona muda mrefu. Akaniambia, "Twende haraka, baba kanikataza kuchelewa. Na Getruda yuko peke yake na ule moto, atajiunguza." Aliamini yuko Majita, ametumwa maji, na wewe mdogo umebaki jikoni. Mimi nikasema haya, twende haraka.

Tulipofika nilifungua kufuli la koki. Lipo hapa dirishani, limeshika kutu.

Nilichoweza ni kuhamisha yaliyobaki mazima. Niliyapandisha juu kabisa ya jiwe, kwenye ufa ambao hawezi kuufikia. Kwa magoti haya, nilipanda kwa tumbo kama kenge. Akawa anasimama chini anayatazama na kulia. "Nani kayapeleka kule? Nani atayapa maji kule?" Kisha akawa anarusha maji juu kwa kopo, mengi yanamrudia usoni. Nilivumilia kidogo, nikayashusha.

Debora na Revocatus wakaja, wakaniita sebuleni. Debora ndiye aliyesema, maana ni mkubwa na ana moyo wa mama yake.

"Baba, umekonda. Ukianguka wewe, nani atamtunza nani?"

Nikasema, "Sijaanguka."

"Nitamchukua mama nikae naye Bunda. Kwangu uani ni saruji tupu, hakuna maua, atasahau habari za kumwagilia. Wewe upumzike kidogo."

Revocatus akaunga mkono. Sikukataa, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Lukresia alipanda gari akiwa amevaa vizuri, akanipungia mkono kama abiria anavyompungia mtu yeyote wa njiani.

Sasa nisikilize hapa, maana hili sijamwambia mtu. Nyumba ilipokuwa kimya nilikosa la kufanya, nikaanza kuyatunza manono. Nikafanya kila kitu alichokuwa anafanya. Nilikata yale mashina yaliyoanza kuoza, nikabakisha sehemu nzima tu, nikayaanika kwenye ungo kivulini mpaka vidonda vikafunga. Nikamwaga mchanga wote wa zamani, nikaleta mkavu. Nikaminya majani kwa kidole gumba. Yalipata vidudu vyeupe kama pamba kwenye maungio, nikavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kama nilivyomwonaga yeye. Hata yale majani yaliyodondoka niliyalaza juu ya mchanga bila kuyafukia, na mengi yakatoa vijimizizi vyekundu, vyembamba kama uzi.

Yakapona, shemeji. Yakachipua. Ncha zikaanza kuwa nyekundu tena. Akina mama wa jumuiya wakapita wakasema, "Mzee Felisian, kumbe na wewe una mkono!" Nikasimama pale uani na ungo mkononi, na nikajua kwa nini yanapona. Yanapona kwa sababu yeye hayupo. Nikaingia ndani nikakaa. Sikuweza kuyafurahia.

Halafu Debora akapiga simu analia. Mama katoka. Geti lilikuwa limefungwa, mtu wa mita ya maji akagonga, akafunguliwa, mama akapita nyuma yake. Nilipofika Bunda walikuwa wameshampata. Alikuwa stendi, amekaa kwenye benchi na abiria wa Musoma, kashika jagi la plastiki lenye maji, kalifunika kwa kiganja yasimwagike. Mama mmoja anayeuza chapati pale, jina lake Kulwa, ndiye aliyemshikilia. Akaniambia, "Baba, kila basi likija anasimama. Anauliza kama linapita Buhare, anasema maua yake hayajanywa. Nikaona huyu mama si wa kuachwa apande." Nilimshukuru sana. Hakukubali zawadi.

Debora alinitazama, nikamtazama. Niliingia na mama yake kwenye gari la Musoma, yeye na jagi lake, na njia nzima hakuliachia.

Tulipofika uani kwetu hakusalimia mtu, hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya kwanza, ile yenye machipukizi mengi kuliko zote, akayamimina yale maji ya Bunda yote. Kisha akageuka akaniambia, "Umeyaacha yakakonda hivi? Huoni aibu?" Nikasema, "Nisamehe, Mama Debora." Akaenda kwenye koki.

Sikumzuia. Ungekuwa wewe ungemzuia kwa kitu gani? Niliyatazama machipukizi yakigeuka maji, moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule. Kwanza yanang'aa, kisha yanakuwa ya njano, kisha yanalala. Wiki ile nilimpigia Revocatus, nikamwuliza kama kuna maua ya plastiki Butiama au popote. Akaniletea. Lukresia aliyashika, akayanusa, akayatupa. Akasema, "Huyu mtoto ananiona mimi mjinga."

Sasa nikuambie habari ya masika, ndiyo iliyonifanya niandike.

Ilikuwa mwezi uliopita, mchana, mvua imeshika tangu alfajiri, ile mvua ya ziwani inayokuja kama ukuta. Uani maji yanatembea. Nilikuwa nachochea moto jikoni nikasikia koki. Nikatoka na mwavuli. Dada yako yuko kwenye mvua na jagi, anakwenda sufuria hadi sufuria, ambazo zilikuwa zimejaa mpaka zinafurika. Nywele zimemganda usoni.

Nikamwambia, "Mama Debora, mvua inanyesha."

"Naiona."

"Basi maua yameshapata maji. Twende ndani."

Akasimama, akanitazama vizuri, kama anavyomtazama mtu mzima aliyekosa akili. "Hayo ni ya Mungu," akasema. "Haya ni yangu."

Shemeji, nimesoma katekisimu, nimekaa kwenye vikao vya kiwanda na mabwana wakubwa, neno kama hilo sijawahi kulisikia. Nikamshika mkono, akautoa. Nikajaribu kumwekea mwavuli, akausukuma kwa sababu unayazibia maua. Kisha akaokota kopo pale chini, akanipa.

"Na wewe mwagilia. Usisimame tu."

Nikauweka mwavuli chini. Nikachukua lile kopo, nikateka, nikamimina. Yeye upande huu, mimi upande ule. Tukamwagilia maua yaliyooza, kwenye mvua, wazee wawili, mpaka akatosheka. Machibya alikuwa barazani kwake. Nilimwona akitutazama, kisha akavua kofia, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Mpaka leo hajaniuliza.

Tulipoingia ndani nilimfuta nywele kwa taulo. Alikuwa anatetemeka na anatabasamu. Akasema, "Leo tumefanya kazi." Usiku uliofuata alipata homa, lakini dawa zilimsaidia, sasa ni mzima.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Kwenye nyufa za jiwe hakuna kitu. Sufuria zote zina mchanga mtupu, na kila siku anaumwagilia, na akimaliza ananiambia yamependeza. Mimi namwitikia. Vidonge anakunywa. Debora anakuja kila akipata nafasi, Revocatus naye na mkewe Rhobi wanatuletea unga na maziwa ya Butiama, lakini kila anayekuja anaondoka, na sisi tunabaki. Watu wananiambia nisali. Nasali. Wananiambia nimtafute mtu wa kusaidia kazi, nao wawili wamekuja wakaondoka, mmoja kwa sababu aliitwa mwizi wa maji. Nikiamka asubuhi nasikiliza kwanza kama koki inalia. Ikilia najua yuko hapa. Isipolia ndiyo naogopa.

Sikuandikii ili unipe shauri, maana nadhani halipo. Ulisema kwenye simu utatuma vipandikizi vipya kwa basi. Naomba usitume. Sitaweza kuyaona yakifa tena, na yeye atayaua, hakuna njia. Njoo wewe mwenyewe. Viazi viachie Gasper, mguu utaufunga kitambaa, basi ni lilelile. Mimi ananichanganyaga na watu wengi, mara baba yenu, mara fundi bomba. Debora akija, mama yake anamwita Getruda. Lakini Getruda mwenyewe bado anamjua, anamtaja, anamwekea sahani mezani siku nyingine. Njoo sasa hivi, jina lako likiwa bado lina mtu wake. Ukimkuta hakufahamu, usilie mbele yake, atakuuliza nani kakupiga. Atakupa kopo. Wewe lichukue tu.

Nisalimie sana mwanyumba wangu Gasper, na watoto wote, na yule mjukuu mpya ambaye hatujamwona. Wa huku wanakusalimu: Debora na mumewe, Revocatus na Rhobi, na Machibya na mkewe ambao kila siku wanauliza kama utakuja. Katekista naye amewaweka kwenye nia za misa.

Mungu aliyewatoa ninyi wawili kwenye tumbo moja awakutanishe tena mkiwa bado mnajuana. Akulinde njiani, aupe nguvu mguu wako.

Ningeandika zaidi, lakini ameamka. Yuko mlangoni ananiita, na ameniita Felisian, jina ambalo hajalitamka tangu mwaka jana. Naenda kuitika upesi kabla halijampotea.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda na kukungoja,

Felisian